Siku Nilipotafuta Nyuki kwenye Jukwaa la Nyuki

Vijana wangu, mkitaka kujua jinsi mtu mzima mwenye miwani anavyoweza kuonekana mjinga mbele ya kompyuta yake mwenyewe, fungueni jukwaa la wafugaji wa nyuki, andikeni neno "nyuki" kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha bonyezeni. Mimi nilifanya hivyo. Nililetewa jukwaa zima, kuanzia posti ya kwanza kabisa hadi ya asubuhi hiyo.

Naitwa Clemencia Kwamboka. Kabla sijastaafu na kurudi kwenye chai yangu huku Nyamira, nilikuwa msimamizi wa jukwaa la mtandaoni la watu wanaofuga nyuki kwa kupenda tu, si kwa biashara. Wengi walikuwa walimu, wauguzi na makarani, kila mmoja na mizinga yake michache nyuma ya migomba. Najua mnajiuliza hiyo ilikuwa kazi gani. Mama mkwe wangu naye alijiuliza, kisha akaamua kuwaambia wenzake kanisani kwamba nimeajiriwa mjini Kisii kuchunga nyuki kwa simu. Tangu hapo sikuweza kufika kwake bila kuulizwa kama nyuki wamelala salama.

Mwajiri wangu alikuwa Bwana Nyamweya, mwenye duka la mizinga, nguo za kujikinga na mabomba ya moshi. Alianzisha jukwaa kwa sababu wateja walikuwa wakimpigia simu wakati wa chakula. "Kwamboka," aliniambia siku ya kwanza, "nataka mtu akiuliza kitu, kijibiwe mara moja, na asije mwingine kuniuliza hicho hicho nikiwa na tonge mkononi." Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo yote ya kazi. Nimezunguka sana tangu siku hiyo, nimehudhuria hata semina zenye vitambulisho vya shingoni, na bado sijamsikia mtu akiieleza kazi hii vizuri kuliko alivyoieleza Nyamweya na njaa yake.

Ila mwanzoni hatukuifanya hivyo hata kidogo.

Watu wetu ni watu wa adabu. Mgusii hawezi kuingia mahali akauliza swali bila kusalimia, na akisalimiwa hawezi kunyamaza. Basi mtu wa Suneka angeandika "Bwakire?" na kila aliyeamka angejibu "Bwakire buya," mmoja mmoja, kisha wangeulizana mvua, kisha wangeulizana watoto. Katikati ya salamu hizo ndimo mtu angeuliza kwa nini nyuki wake hawaongezi masega, na katikati ya majibu ya salamu ndimo mwingine angempa jibu la maana kabisa, jibu la mtu aliyeumwa na nyuki maisha yake yote. Baada ya siku chache jibu hilo lingekuwa limezikwa. Wiki iliyofuata swali lile lile lingerudi, na kichwa chake kikiwa "Habari zenu."

Nusu ya posti zetu zilikuwa na kichwa hicho. Nyingine ziliitwa "Msaada". Nyingine "Swali". Kulikuwa na moja iliyoitwa "Samahani," na hadi leo hayo ndiyo maelezo bora ya kumtambua malkia niliyowahi kuyasoma.

Nami nilifurahi. Niliona jukwaa limechangamka. Kila asubuhi nilimpelekea Nyamweya habari kwamba watu wanaongea hawanyamazi, naye alitikisa kichwa kama mtu ambaye ng'ombe wake wanatoa maziwa. Kisha ikaja siku ya Onsongo.

Onsongo alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai, kimoja cha vile vibanda vya mbao vilivyo kando ya barabara karibu na Ikonge. Wakulima huleta majani waliyochuma, yanapimwa kwenye mizani ya kuning'inia, kisha lori la kiwanda linakuja kuyabeba. Alikuwa pia mwanachama wetu, mwenye mzinga mmoja na maoni mengi. Mchana huo wa jua kali, nyuki waliokuwa wakihama walipita pale, wakaona mahali pazuri pa kupumzika, wakatua kwenye ndoano ya mizani. Walining'inia hapo wote kwa pamoja, kama mzigo unaosubiri kupimwa. Onsongo alikuwa ndani ya kijichumba chake cha kuandikia. Akafunga mlango, akafunga dirisha, akanipigia simu dukani.

"Kwamboka, niko ndani," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya ofisi. Nyuki wako kwa mizani. Wakulima wako nje na majani, lori liko njiani. Niambie nifanye nini."

"Umeangalia kwa jukwaa?"

"Nimeangalia! Nimepata salamu."

Nyinyi mliokulia kwenye chai mnajua kwamba majani hayangoji. Yakibanwa kwenye gunia juani yanashika joto, yanageuka mekundu, na kiwanda hakiyataki. Akina mama walikuwa wamechuma tangu alfajiri. Watu wenye majani yanayoharibika hawawezi kukaa wakitazama nyuki. Onsongo alinieleza kwamba kuna mwanamume mmoja, Makori, ambaye ametoa simu yake, akafungua jukwaa letu, na kukutana na jibu lililopendwa kuliko mengine yote. Lilikuwa la mtu aliyejiita Simba wa Asali. Liliandikwa hivi: "Petroli kidogo, kiberiti kimoja, kazi imeisha." Watu walikuwa wameliwekea vidole gumba na vicheko bila mwisho. Na sasa Makori alikuwa ameinama kando ya pikipiki yake, akinyonya petroli kwa mpira.

"Kituo ni cha mbao," Onsongo akanikumbusha. "Na mimi niko ndani."

Hapo ndipo nilipoandika "nyuki". Matokeo nimeshawaambia.

Nikafikiri kidogo, nikaandika "kundi", kwa sababu nyuki wanaohama wakishikana pamoja hivyo tunawaita kundi. Nikaletewa kila mtu aliyewahi kuandika "Asanteni kwa kunipokea kundini." Nikaongeza neno: "kundi limetua." Nikaletewa shemasi mmoja akituombea neema itue juu ya kundi hili na viongozi wake. Nikaandika "kutoa nyuki". Nikapata mtu anayetangaza kwamba anatoa nyuki bure kwa sababu mke wake amechoka nao.

Jibu lilikuwepo. Nilijua lipo kwa sababu nililisoma mwenyewe nikinywa chai, nikasema moyoni, huyu mzee anajua. Lilikuwa la Mwalimu Isaboke wa Kenyenya, mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye alikuwa na nyuki kabla wengi wetu hatujawa na viatu. Nikampigia. Simu ikaita hadi ikachoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliiacha juu ya kabati akaenda kukatia ng'ombe nyasi.

Nikajishika kichwa. Aliandika lini? Nikakumbuka ilikuwa baada ya safari yake ya kwenda Eldoret kumwona binti yake. Nikaandika "Eldoret," na hiyo hapo, ikaja peke yake. Kichwa chake: "Nimerudi salama, asanteni kwa maombi."

"Nimeipata!" nikamwambia Onsongo. "Weka simu kwa spika, fungua dirisha kidogo, kila mtu asikie. Na umwambie Makori asiwashe chochote."

Nikamsikia akipaza sauti: "Makori! Ngoja! Mama wa jukwaa anataka kusoma!"

Sikujua maelezo yanaanzia wapi, na sikuwa na muda wa kuchambua, kwa hiyo nilisoma kuanzia juu. Nikasoma jinsi basi lilivyopata pancha. Nikasoma jinsi binti yake alivyomchinjia kuku na jinsi kuku mwenyewe alivyokuwa mgumu. Nikasoma kwamba mkwe wake alikuwa kitandani kwa maumivu ya mgongo. Upande wa pili kulikuwa na kimya cha ibada. Wakulima wote na magunia yao walikuwa wakisikiliza. Hatimaye nikafika penyewe: "Jambo jingine, siku ya pili nyuki walitua kwenye ua wa jirani..." Nikaanza kusoma kwa kasi, na sauti ya mama mmoja ikanikatiza kutoka mbali.

"Subiri kwanza. Huyo mkwe alipona?"

"Haijaandikwa, mama!"

"Sasa mtu anaandika namna hiyo halafu anaacha?"

"Mama, nyuki!" Onsongo akalia.

Basi nikawasomea. Mwalimu alieleza kwamba nyuki waliotua hivyo wameshiba asali na hawana nyumba ya kutetea, kwa hiyo hawana ukali wa wale walio mzingani, mradi usiwapige, usiwapulizie pumzi, usiwachome. Watu wakae mbali. Tafuta sanduku au katoni imara, sugua ndani yake kwa mchaichai. Wanyunyizie maji kidogo ili wabanane wasiruke ovyo. Sogeza katoni chini yao, karibu kabisa, kisha tikisa walichoshikilia, mara moja, kwa nguvu. Malkia akiingia, wengine watamfuata.

Katoni ilitoka kwenye kioski cha ng'ambo ya barabara, ilikuwa ya mafuta ya kupikia. Mchaichai ulitoka kwenye boma la jirani. Kuhusu maji, mzee mmoja alikuja mbio na bomba lake la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, akisema limebaki na dawa kidogo tu. Nilipiga kelele ya "Hapana!" hadi mteja aliyekuwa akijaribu glavu pale dukani akaziangusha. Ndipo akajitolea mama mmoja Mkatoliki. Alichukua tawi, akalichovya kwenye ndoo, akasema amemtazama padri akifanya hivyo kila Pasaka na sasa anajua mkono unavyokwenda. Wasabato waliokuwepo walikuwa na maoni yao juu ya jambo hilo, lakini waliyaweka kando, kwa ajili ya nyuki.

Onsongo akatoka. Alikuwa amevaa koti la mvua, gambuti, na pazia la dirisha la ofisi juu ya kofia. Sikuona, ila niliona kwa masikio. Nilisikia nyayo zake. Nilisikia mama akinyunyiza. Nilisikia mnyororo wa mizani ukigonga, kisha kishindo kizito lakini laini ajabu, kama ugali unaogeuzwa kutoka sufuriani.

"Wameanguka!" Onsongo akanong'ona. "Wengine wanaruka. Kwamboka, wengine wamesimama kwa mlango wa katoni, wameinua matako juu, wanapiga mabawa. Wamekasirika?"

"Hawajakasirika. Wanawaita wenzao. Malkia yuko ndani."

Kelele zilizofuata ziliziba simu. Katoni ilisogezwa polepole hadi kivulini kando ya ua, kupima kukaanza, na lori likafika. Dereva, ambaye hakujua lolote, aliruka chini akiuliza mbona watu wamesimama kama wako mazishini, akaenda moja kwa moja kwenye mizani, akawapiga nyuki wachache waliosalia kwa kofia yake. Alikuwa mtu pekee aliyeumwa siku ile. Sikio lake, Onsongo alisema, lilivimba hadi likafika kiwandani kabla yake. Makori alirudisha petroli kwenye tangi akilalamika kwamba imempa kiungulia. Na jioni Onsongo alibeba katoni kwake, akawa na mizinga miwili na maoni zaidi.

Dukani kila mtu alicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaacha. Jibu lilikuwa kwetu muda wote ule, limeandikwa vizuri, na mtu pekee aliyeweza kulifikia alikuwa ni mtu aliyekumbuka safari ya Mwalimu kwenda Eldoret. Na ningekuwa nimeenda sokoni je? Ningekuwa nimeketi kwa msusi? Lile la petroli halikuhitaji kukumbukwa na mtu. Lilikuwa juu kabisa, likimsubiri Makori.

Mapumziko yaliyofuata nilikwenda Suneka kwa rafiki yangu Bosibori, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni. Nilikuwa nimemtazama miaka mingi bila kumwona. Mteja alikuwa hajamaliza sentensi, Bosibori ameshaingiza mkono kwenye rundo na kutoa alichokitaka.

"Unapangaje?" nikamuuliza.

"Napanga kwa mdomo wa mteja."

"Maana yake?"

"Mtu hafiki hapa akasema anataka vazi zito la kike la rangi iliyofifia. Anasema, nipe sweta ya kuchuma chai. Basi mimi nina rundo la sweta za kuchuma chai. Huko zilikotoka sijui walikuwa wanavaa kwenda wapi. Hapa ni za kuchuma chai."

Nilirudi Kisii nimeelewa, na nikafanya kinyume. Hilo ndilo kosa ambalo kila mmoja wenu atalifanya, kwa hiyo bora mlifanye mapema. Nilikaa wiki nzima nikizipa posti majina mapya, na kwa kuwa nilitaka Nyamweya aone nimesoma, ile ya Mwalimu niliiita "Usimamizi wa Makundi ya Nyuki Wahamao." Ilipendeza machoni. Hakuna mtu hata mmoja aliyeipata. Fundi wetu wa mtandao, kijana wa mjini, akanionyesha mahali ambapo ningeweza kuona maneno ambayo watu wanaandika wanapotafuta. "Mathe, wasomi wako ni wawili," akaniambia. "Wengine wote wanatafuta hivi." Nikasoma. Nyuki imeingia kwa dari. Nyuki kwa choo. Nyuki imekataa kutoka. Natoa nyuki aje, yaani nawatoaje.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kundi langu. Nikafuta jina la kisomi, nikaandika: "Nyuki imeingia kwa nyumba, dari au choo: toa bila moto." Nikahamisha hatua za kufuata zikawa juu kabisa, fupi fupi, na safari ya Eldoret nikaishusha chini. Kabla ya saa ya chai Mwalimu Isaboke alikuwa kwenye simu.

"Kwamboka, nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nyuki *wa*-meingia. Nyuki ni kiumbe chenye uhai. Si meza!"

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini watu wanaandika 'imeingia'."

"Basi wasipate! Wakikosa watajifunza!"

"Mwalimu, wakikosa watapata petroli."

Akahamia lalamiko jingine. "Na kwa nini umempeleka mkwe wangu chini?"

"Mkwe yupo, Mwalimu. Yuko chini ya hatua. Watu wa Ikonge walitaka sana kujua kama alipona."

"Alipona," akasema, na nikasikia sauti ikilainika. "Waambie alipona, anacheza na watoto."

Tulipatana hivi: kichwa kikae kwa sarufi ya Mwalimu, na chini yake tuweke mstari mmoja unaosema, "Wengine huandika hivi," kisha maneno yote ya watu, yenye sarufi na yasiyo nayo. Kompyuta haikujali. Ilisoma yote. Huo ndio ulikuwa ujanja mkubwa kuliko wote niliowahi kuupata kazini, na niliupata kwa kugombana na mzee. Kwa hiyo vijana, msimsahihishe mtu anayetafuta. Mtu aliye na nyuki chooni hana nafasi ya ngeli.

Salamu ndizo zilikaribia kunifukuzisha kazi. Nilitengeneza chumba chake, nikakiita Salamu na Maombi, nikawa nahamishia humo kila "Bwakire" niliyoikuta imekaa juu ya swali. Siku mbili tu, habari zikaenea kutoka Kenyenya hadi Nyamira kwamba admini amepiga marufuku maombi. Mzee wa kanisa alikuja dukani akiwa na koti, akakaa, akakataa soda. Aliniuliza kwa upole kama kuna jambo linanisumbua nyumbani. Ilinibidi nimwonyeshe kwenye simu yake mwenyewe: hapa wanauliza, hapa wanasalimiana, na hakuna aliyefukuzwa popote. Alitazama chumba cha salamu muda mrefu. Kisha akaandika humo salamu ndefu sana, akakubali soda, na kuanzia siku ile akawa mlinzi wake. Mtu akisalimia mahali pa maswali, mzee alimwambia, "Mtoto wangu, sebule iko kule."

Na lile jibu la petroli? Nililifuta. Kesho yake lilirudi, mtu alikuwa amelinakili. Nikalifuta tena, likarudi na vicheko zaidi. Nilimtafuta huyo Simba wa Asali nikamkuta ni fundi cherehani wa Kenyenya, mpole kabisa, hajawahi kuwa na nyuki hata mmoja. "Mama, mimi napenda tu kujibu," aliniambia, akiwa na pini mdomoni. Nikamwomba ruhusa, nikaliacha jibu lake pale pale, ila juu yake nikaweka maneno mekundu: usifanye hivi, nyumba itaungua, na hatua salama ziko hapa. Kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba kuna watu wanaotafuta neno "petroli" lenyewe. Ukilifuta jibu baya, wao hukutani nao tena popote. Ukiliacha na onyo juu yake, unakuwa umewasimamia mlangoni.

Mengine yalikuwa kazi ya kila siku, kama kupalilia. Maswali yanayofanana niliyaunganisha. "Msaada" nikayapa majina. Ile "Samahani" nikaiita "Jinsi ya kumtambua malkia," na mwenyewe akaniandikia kuuliza kama bado amesamehewa. Jibu likiwa zuri nililitoa kwenye kelele nikaliweka juu. Polepole jukwaa likawa mahali ambapo mtu anaingia na shida na kutoka bila shida.

Na hapo ndipo lilipokaribia kufungwa.

Kwani nini kilitokea? Watu waliacha kuuliza. Posti zilipungua, zikawa za kuhesabika. Simu ya duka ilikaa kimya hadi Nyamweya akawa anaiinua kuona kama inafanya kazi. Asubuhi moja akaja akasimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma.

"Kwamboka, jukwaa limekufa."

"Halijafa. Watu wanapata majibu bila kuuliza."

"Watu gani?"

Nikamwonyesha namba ya waliosoma. Hakuiamini. "Hata mimi nikifungua kwa bahati mbaya inanihesabu," akasema. "Zamani nilikuwa naona watu. Sasa naona mzee wa kanisa anasalimiana na Onsongo. Tutalifunga, wewe utakuja kuuza glavu."

Niliumia, siwafichi. Nilikuwa nimefanya kazi hadi nikaifuta alama yake. Nikamwomba jambo moja, anipe hadi jioni. Nikaandika posti, nikaiweka juu ya kila kitu: "Kama uliwahi kupata jibu humu bila kuuliza, tafadhali tuambie. Sentensi moja inatosha."

Hadi saa sita hakuna aliyejibu, isipokuwa Onsongo, aliyeuliza kama kuna tatizo. Nyamweya alipita mara kadhaa, na kila mara alikuwa amebeba sanduku la glavu. Kisha, mchana watu walipotoka kazini kula, simu yangu ikaanza. Mwalimu wa Suneka. Mlinzi wa benki. Mama wa Nyamira aliyeandika kwa Ekegusii mwanzo hadi mwisho. Watu ambao majina yao sikuwahi kuyaona, waliokuwa wameingia na kutoka miaka yote hiyo bila kugonga mlango. Nyamweya akavuta kiti, akaanza kusoma na mimi, akicheka hapa na pale. Kisha akaacha kucheka, akaichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza karibu na macho.

Alikuwa muuguzi. Aliandika: "Sijawahi kusema lolote humu. Nyuki walitua asubuhi kwenye dari ya chumba cha akina mama waliojifungua, kwenye zahanati ninakofanya kazi. Kuna mtu alikuwa ameshaleta petroli na ngazi. Nilitafuta kwa simu nikiwa nimesimama mlangoni, nikiwa nimemzuia kwa mkono mwingine. Tulifuata hatua zenu. Watoto hawakuamka. Sikuwashukuru kwa sababu kulikuwa na mama mwingine amefika."

Nyamweya aliisoma mara ya pili. Akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Watoto hawakuamka," akasema.

"Ndiyo."

Akanirudishia simu kwa mikono miwili, akasimama, akaelekea dukani. Mlangoni akageuka.

"Wewe Kwamboka," akasema kwa ukali, "usithubutu kulifunga hilo jukwaa."